Ngoja, Nimalize Ukurasa Huu

Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa mara mbili, na bado kilinuka zeri.

Émilienne alisimama mlangoni na brashi mkononi, akanusa tena. Ilikuwa ile zeri ya mkaratusi na kafuri ambayo mama mkwe wake alijipaka kifuani asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Mama mkwe alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita. Kitanda chake kiligawiwa, blanketi zake zilichomwa, na kopo lenyewe la zeri liliingia naye kaburini kwa sababu mwanawe alitaka hivyo. Dirisha lilikuwa wazi tangu alfajiri, na ukungu wa milima ya Kashuga uliingia na kutoka ulivyotaka. Hata hivyo harufu ilibaki pale pale, upande kilipokuwa kichwa cha kitanda, kama mtu aliyeketi.

"Mama, uko natafuta nini?" Kétsia, binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliuliza nyuma yake.

"Hakuna kitu. Wewe unasikia harufu?"

"Ya nini?"

Émilienne aliitazama brashi. "Ya chokaa."

"Ndiyo," mtoto akasema. "Ya chokaa."

Nyumba hiyo ilikuwa ya mbao, yenye duka mbele. Mwenye nyumba, Kataliko, alitoka upande wa Butembo akiwa kijana na kigunia cha chumvi. Sasa alikuwa na duka la sabuni, betri na misumari, na lori moja lililoteremsha maharage Goma kila barabara iliporuhusu. Mke wake Émilienne aliongoza sala za wanawake katika kanisa dogo la kilimani. Watu walimwita Mama Présidente. Akipita sokoni, wanawake walirekebisha vitambaa vyao vya kichwa.

Jambo moja hawakulijua. Tangu shule ya sekondari Émilienne alikuwa msomaji wa Mikasa ya Tausi Mwinjuma, riwaya nyembamba za kutisha kutoka Tanzania, zenye majalada mekundu, ambamo askari mwanamke anayeona majini anaingia nyumba baada ya nyumba kuyatoa. Alikuwa amezisoma zote thelathini, nyingine mara tatu. Valens, dereva wa lori, alimnunulia kila namba mpya mjini, akaileta ikiwa imefichwa ndani ya karatasi za sukari. Kiongozi wa sala hawezi kuonekana na kitabu cha majini mkononi. Kwa hiyo alisoma kwa kujiiba, akiwa amejifungia stoo, au katika chumba cha mgonjwa, mahali ambapo hakuna aliyekuja kuangalia.

Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo chokaa haikuweza kulifunika.

Mama Masika, mama mkwe wake, aliugua kifua. Makohozi yalimkaba. Yakipanda, ilibidi mtu amwinue mabegani, amwinamishe mbele, ampige mgongoni polepole mpaka ateme. Kazi ya dakika mbili. Sauti yake ilikuwa imekwisha, hivyo aliita kwa kugonga kijiko kwenye ubao wa kitanda: ko, ko, ko. Aliyemhudumia zaidi alikuwa Falone, mjane aliyekimbia vita upande wa Shasha, ambaye Kataliko alimpa kibanda nyuma ya kiwanja. Falone hakuwa msemaji. Akisikia kijiko, aliacha hata chungu kinachochemka.

Jumanne ile jua lilitoka baada ya siku nne za mvua. Valens alikuwa ameleta namba thelathini na moja, Jini wa Ghorofa ya Nne. Émilienne alimwambia Falone, "Enda mutoni, ufue nguo zote. Mimi mwenyewe nitabakia na Mama."

Falone akajitwika beseni, akaenda. Émilienne akavuta kiti hadi dirishani.

Alifika mahali Tausi anapokaa peke yake ghorofani, amezima taa, akisikia kitu kikigonga ukutani kutoka upande ambao hakuna chumba. Ko, ko, ko. Émilienne alisisimka, akaona mwandishi huyu ni fundi kweli, anakufanya usikie. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye, usiku na mchana. Ukweli ni kwamba mara ya pili alijua. Alijua kijiko, alijua ubao, alijua ni nani. Akasema bila kuinua macho, akifyonza meno kidogo kama mtu aliyesumbuliwa:

"Ngoja, Mama, nimalize ukurasa huu."

Ukurasa ukaisha katikati ya sentensi, akaufunua mwingine. Kijiko kikagonga haraka haraka, kikagonga taratibu, kikanyamaza. Na kiliponyamaza, Mungu amsamehe, aliona nafuu.

Alimaliza sura saa nane mchana. Alipogeuka, Mama Masika alikuwa amelala ubavu, uso umemwelekea yeye, mdomo wazi. Kijiko kilikuwa sakafuni.

Kiwanja kilijaa watu kabla hajajua atasema nini. Lévi, mdogo wake Kataliko, mwenye hasira za karibu, alimshika mkono: "Nani alikuwa na Mama?"

"Falone," mdomo wake ukasema. "Nilimuachia Falone. Mimi nilikuwa ku duka."

Wakati huohuo Falone akaingia na beseni kichwani, nguo zikimwaga maji mabegani mwake.

"Unaacha mama yetu anakufa, unaenda kufua?" Lévi alipiga kelele.

Falone alishusha beseni. Hakumtazama Lévi. Alimtazama Émilienne, akangoja.

"Mama Émilienne," alisema. "Sema."

Émilienne alivuta kitenge juu ya kichwa chake, akalia.

"Mama Émilienne. Sema."

Hakurudia mara ya tatu.

Kufika siku ya mazishi, uzembe ulikuwa umeshakuwa kitu kingine midomoni mwa watu. Mmoja alisema mikono ya Falone ni mizito. Mwingine akakumbuka kwamba hata mume wake alikufa. Kisha neno muchawi likatoka, na neno hilo likishatoka halirudi ndani. Vijana walibomoa kibanda chake, wakachukua mabati. Falone akapanda kwenye kambi ya wakimbizi mlimani, chini ya turubai lililochanika, na hakuna aliyemwita tena kulima wala kufua. Émilienne aliongoza sala za matanga. Watu walimsifu jinsi alivyomtunza mama mkwe. Aliinamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

*

Siku chache baada ya chokaa, alikitoa kitabu chini ya magunia ya mchele. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia mtu akikuita. Alisoma mistari miwili.

Ko, ko, ko.

Mlio ulitoka katika chumba kitupu, nyuma ya ukuta wa stoo. Ulisikika ndani ya kelele za mvua bila kufunikwa nazo. Alikifunga kitabu, ukaacha. Alipokifungua, ukaanza. Hakukifungua tena. Lakini kesho yake, saa ileile, ulikuja bila kitabu.

Ijumaa Kétsia alikuwa mezani sebuleni akiandika kazi ya shule, na Émilienne anachambua maharage kwenye ungo. Kalamu ya mtoto ikasimama. Émilienne aliinua macho, akaona midomo ya Kétsia imefungwa, shingo imenyooka kama ya mtu anayesikiliza, na kutoka pale alipoketi mtoto, katikati ya harufu ya kafuri iliyokuja ghafla kama mlango uliofunguliwa, ikatoka sauti ambayo haikuwa ya mtoto wala ya marehemu, sauti ya mwanamke mzima aliyesumbuliwa, yenye ule mfyonzo mdogo wa meno mwanzoni, na Émilienne akaijua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe:

"Ngoja, Mama, nimalize ukurasa huu."

Ungo ulimponyoka. Maharage yakatawanyika sakafuni.

"Umesema nini?"

"Mimi?" Kétsia alishangaa. "Sikusema kitu, Mama. Sababu gani unalia?"

Mikono yote miwili ya mtoto ilikuwa juu ya daftari. Chini ya meza, kitu kiligonga mara tatu.

Kuanzia siku hiyo kifua cha Kétsia kilijaa. Hakuwa na homa. Muuguzi alisikiliza mapafu yake mara mbili, akasema ni safi, hajui atoe dawa gani. Lakini kila siku saa nane makohozi yalipanda, mtoto akakabwa, macho yakamtoka, na ndani ya kukabwa huko ile sauti ikasema maneno yake matano kwa utulivu, bila haraka. Majirani waliisikia kupitia ukuta wa mbao, wakadhani ni Émilienne anamjibu mtoto. Siku Kataliko alipoisikia akiwa ndani, alimtazama mkewe, akaona midomo yake imefungwa, kisha akamtazama mtoto, akapiga ishara ya msalaba.

"Iko nasema na sauti yako," alinong'ona. "Sababu gani iko na sauti yako?"

"Sijui," Émilienne alisema.

"Mimi najua," Lévi akasema. "Ni Falone. Alimaliza Mama, sasa anaanza mutoto, na anaiba sauti ya mama yake ili tusimujue."

Émilienne alimfunika mtoto shuka. Ulimi ulikuwa mzima mdomoni mwake, na hakuutumia.

Kataliko alikuwa Mkatoliki wa kufunga Ijumaa zote. Alipomtuma Valens kumchukua Papa Floribert kutoka Walikale, alimwambia amwingize kwa mlango wa nyuma. Floribert alikuwa mwindaji aliyezeeka miguu, sasa anauza asali ya msituni na kuagua watu. Alivaa jezi ya mpira ya manjano iliyopauka, rozari shingoni, na chini ya rozari kifuko cha ngozi alichoachiwa na baba yake. Aliomba chakula kwanza. Akala sahani mbili za fufu, ugali wa muhogo, bila kuongea, akanawa, kisha akaingia katika chumba cheupe, akakaa sakafuni peke yake.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama yenu amelala," alisema polepole. "Musimusingizie. Hii si yeye. Ku pori yetu kuko vitu vinapita, havina jina. Vikikuta neno limetupwa mbele ya muntu anakufa, neno baya, vinaliokota, vinalivaa sawa nguo. Njo hivyo kimeingia humu. Kimevaa neno."

"Kimetumwa?" Lévi aliuliza.

"Hapana. Kile cha kutumwa kinaingia na fujo. Hiki kiko na adabu, kinangoja saa yake. Mwenye neno akilidai mbele ya batu, kinabakia uchi, kinaenda. Asipolidai…" Alimtazama Kétsia aliyelala kwenye mkeka wa sebuleni. "Kinatafuta kifua cha kukaa."

"Neno la nani?" Kataliko akauliza.

"Mimi sikukuwa hapa siku ile."

"Falone njo alikuwa hapa," Lévi akasema. Alikwisha simama. Nje, vijana wanne walikuwa wanangoja na fimbo. "Atalidai leo, apende asipende."

Ilikuwa inakaribia saa nane. Émilienne alisikia lango likifunguliwa, akasikia viatu vya mpira vikienda kwenye matope. Ilitosha kuita jina moja. Aliwahesabia hatua: sasa wako kwa muuza mafuta, sasa wako kwenye daraja. Aliwaza wanawake wa sala. Aliwaza jinsi Kataliko atakavyomtazama. Aliwaza kwamba labda Falone atakubali tu, ili wamwache, na mambo yataisha, na wazo hilo lilimjia tamu kama usingizi.

Kétsia akaanza kukabwa. Mwili wake ulijikunja, vidole vikakwaruza mkeka, midomo ikageuka rangi, na harufu ya zeri ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha wote, na kuta nne zote zikagonga kwa pamoja, haraka haraka, kisha taratibu, na katikati ya hayo yote sauti ya Émilienne, tulivu, iliyosumbuliwa kidogo, ikafyonza meno na kusema ngoja, Mama, nimalize ukurasa huu, ngoja, Mama, ngoja, na Émilienne akaona uso wa mtoto wake umemwelekea, mdomo wazi.

"Ni langu," akasema.

Kataliko aligeuka. "Nini yako?"

"Neno. Ni mimi nililisema. Falone alikuwa mutoni, mimi njo nilimutuma."

Floribert alikuwa amemshika mtoto kichwa. "Si humu ndani," alisema kwa ukali. "Mbele ya batu! Na mbele ya yule uliyemubebesha. Kimbia!"

Alikimbia bila viatu. Alipita mbele ya duka, mbele ya kanisa, kitenge kimefunguka, matope hadi magotini, na watu wakatoka chini ya paa zao kumwangalia Mama Présidente akipanda mlima kama anayefukuzwa. Juu, kati ya maturubai, Lévi alikuwa amekwisha mtoa Falone nje. Chungu chake cha mboga kilikuwa kimepinduliwa. Alisimama ameweka mikono pembeni, halii, haombi, na watu wa kambi wamezunguka kimya.

"Muache!" Émilienne aliita. Pumzi ilimkatika, akapiga magoti. "Muache, Lévi. Ni mimi. Siku ile nilikuwa na Mama, mimi peke. Nilikuwa nasoma kitabu. Aligonga, nikasikia. Nikamuambia, Ngoja, Mama, nimalize ukurasa huu. Nikamaliza. Akafa nikiwa nasoma. Falone alikuwa mutoni. Nilidanganya."

Fimbo ya Lévi ilishuka. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na kila neno lilisikika.

Falone alisogea mpaka mbele yake.

"Sema tena," alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Émilienne akasema tena, kwa sauti kubwa, mwanzo hadi mwisho. Mara hii hakuinamisha kichwa, kwa sababu Falone alikuwa anamwangalia machoni. Mwanamke mmoja wa sala, aliyekuja na mwavuli, alifunika mdomo.

"Mutoto iko anakohoa?" Falone akauliza.

"Iko anakabwa. Anakufa."

Falone hakungoja. Alishika njia ya kuteremka, na alikuwa amefika darajani kabla Émilienne hajainuka matopeni.

Émilienne alipofika mlangoni, Falone alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka. Alimwinua Kétsia mabegani, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni polepole kwa kiganja wazi, kama alivyofanya mara mia katika nyumba ile. "Tema, mama yangu," alikuwa anasema. "Tema tu." Sauti ilianza, "Ngo…", ikakwama. Mtoto akatapika povu jeupe, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe ya kitoto. Pazia la mlangoni lilijiinua, ingawa upepo haukuwepo, likabaki limeinuka kiasi cha mtu mmoja kupita, likashuka. Nje, mbwa wa muuza mafuta alibweka, kisha wa darajani, kisha wengine mbali zaidi kuelekea msituni. Katika chumba cheupe ikabaki harufu ya chokaa.

Falone alimlaza mtoto, akajifuta mikono.

"Nilikuja sababu ya mutoto," alimwambia Émilienne. "Si sababu yako."

Lévi alikikuta kitabu stoo, akakileta jikoni kukitia motoni. Floribert alimshika mkono.

"Wacha. Kitabu haikumukataza kusimama."

*

Kataliko hakumpiga mkewe wala kumrudisha kwao. Alihamisha godoro lake dukani. Alinunua mabati mapya, akajenga nyumba ya Falone. Falone aliyapokea, lakini alichagua kiwanja upande wa pili wa kijiji, na alipokutana na Émilienne sokoni alimjibu salamu, salamu tu. Lévi alimlimia shamba msimu mzima bila kuombwa. Sala za wanawake zilipata kiongozi mwingine. Hakuna aliyemwambia Émilienne asije. Alikuja, akakaa benchi la mwisho, na benchi hilo lilikuwa na nafasi nyingi.

Kétsia alipona kabisa. Hakukumbuka chochote, na kwa wiki kadhaa hakuuliza. Kisha siku moja mchana, wakila maharage na ndizi mezani wawili tu, akaweka kijiko chini.

"Mama."

"Sema."

"Siku ile, Nyanya alikuwa anataka nini?"

"Alitaka nimuinue."

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo tu."

Mtoto alifikiri. "Na ulikuwa unasikia?"

Angeweza kutaja kitabu, au uchovu, au lolote jingine. Mtoto alikuwa anamngoja.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

Kétsia aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya darasani mwalimu akitoa jibu la kuandika. Kisha akachukua sahani yake, akainuka, akaenda kumalizia chakula dukani, kwa baba yake.